Wanane Katika Uzi Mmoja wa Kioo

Tata, baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku Ujerumani kwenye baridi. Goti linaendeleaje? Mama ameniambia bado unashuka mwenyewe kuchuma majani chai, na najua hata nikikukataza hutasikia. Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka na nina hasira. Ukiona kosa la Kiswahili, mwalimu wangu, weka kalamu nyekundu chini. Wiki hii nimesahihishwa vya kutosha.

Kazi yangu unaijua: watu wengi watumie faiba moja, uzi mwembamba wa kioo, huyu akituma sauti, yule picha, mwingine filamu, wote kwa wakati mmoja. Kila mmoja ana mpangilio wake wa mimweko ya mwanga, na mpokeaji anayeujua huokota ujumbe wake tu. Jumanne nilitakiwa kuonyesha wanane wakipita pamoja, mbele ya kamati inayoamua kama nitaendelea na masomo au nitarudi nyumbani Sironga mikono mitupu.

Filamu niliyotuma ni ile niliyokurekodi shambani, ukipaza sauti, "Kerubo, unanisikia? Sisi huku tuko sawa, ng'ombe amezaa!" Tangu nije, simu ya video kutoka kwenu hukatika kabla sijakuona vizuri, kwa hiyo uso wako ninao humo tu. Asubuhi ile ulikuwa na chengachenga. Nikafanya kama ufanyavyo wewe kwenye simu: usiposikika, ongeza sauti. Nikaongeza nguvu ya mwanga wako.

Ukatokea, Tata, hata mvi zinahesabika! Wale saba wengine wakavurugika wote, maana uliwafunika.

"Huyu mzee ni nani anayezungumza peke yake?" profesa akauliza. Wakacheka. Mimi nikaenda kulia chooni. Miaka mitatu ya kazi, halafu nafanya kosa la mtoto wa chekechea kwa mkono wangu mwenyewe! Wamenipa wiki mbili nirudie, na hakuna nafasi nyingine.

Nisalimie Mama, na kaka Ombati na ng'ombe wake kule Nyansiongo. Shangazi wa Nyanchwa huniombea kila Sabato, mwambie aongeze.

Leo, nikijaribu peke yangu kabla ya kurudi kwa kamati, nimekupunguza mwanga. Wote wanane wamepita. Mvi zako hazionekani tena, na uso una ukungu, lakini ukicheka bado nakutambua. Nisamehe, Tata.

Binti yako,
Kerubo