Sakafu ya chumba cha nyuma

Jumamosi, jioni. Tunduma imeamka na manyunyu, imeshinda na manyunyu, na matope yameingia hadi sebuleni. Siyajali. Kinachonichefua leo hakikuletwa na mvua.

Shajara yangu, nimenawa mikono kwa sabuni ya unga, nikarudia kwa limao. Bado nasikia ile harufu.

Ni vile vyumba vya nyuma alivyotuachia marehemu mama. Kanisa letu linatafuta vyumba vya wazee wasio na pa kukaa, na kodi ya pango linalipa lenyewe. Masharti yao wala si makubwa: dirisha linalofunguka, sakafu kavu, choo chenye mfuniko, mlango usiomkwaza mwenye fimbo. Kaka Ezekia, msimamizi wa nyumba, akasema hiyo kazi ndogo.

Kazi ndogo! Chumba cha mwisho kilikuwa stoo ya kapenta, wale dagaa wakavu, miaka nenda rudi. Dirisha lilizibwa kwa tofali ili wezi wasiingie. Tulipolizibua Jumatatu yalimwagika mavumbi ya samaki, mende, na panya waliokauka wakabaki ngozi. Nilitapika pale pale mbele ya fundi, bila aibu.

Halafu nikaiona kona. Nyeusi, inang'aa, nikadhani ni mafuta. Nikachokonoa kwa kijiti.

Maji ya choo.

Shimo letu limejaa, liko nyuma ya ukuta huohuo, na linavujia chini ya sakafu. Nikamwambia kaka tulinyonye, tuchimbe jingine mbali, ndipo tuguse sakafu. Akacheka.

"We naye! Hao ni watu wa kusaidiwa, hawaji hotelini."

Nilibaki nimeutazama mdomo wake. Kaka yangu wa tumbo moja, mzee wa kanisa, anayepitisha kikapu cha sadaka kila Jumapili. Yale mavi ya sakafuni hayakunichefua kama lile neno.

Alhamisi nilikwenda msibani Iyula. Niliporudi jana nikakuta chumba kinameremeta. Rangi mpya, udi unafuka, na fundi amepiga niru ya saruji juu ya ule uozo wote, laini kabisa. Kaka ananiangalia anacheka kwa jino moja, eti umeona? Nikamwuliza shimo je. Akaniambia nisimtie aibu mbele ya kanisa.

Leo asubuhi kamati ikaja na Bibi Nambeye. Ni mjane wa mtaa wa chini. Nyumba yake ya udongo ilianguka na mvua, tangu hapo analala jikoni kwa jirani, pembeni ya mafiga. Kamati wakafungua dirisha, wakafunga, wakasifia rangi. Nikameza mate niseme. Kaka akanitolea macho.

Kabla sijafungua kinywa, bibi akapiga magoti. Ndivyo wanawake wa kwetu wanavyoshukuru: magoti chini, viganja vinapigwa taratibu, kichwa kimeinama. Alimshukuru kaka. Na kaka akasimama pale anaitikia, amevimba kichwa.

Bibi alipoinuka, kitenge chake kilikuwa na madoa mawili magotini. Meusi, yamelowa. Akapangusa kwa mkono, akaunusa, kisha akauficha haraka nyuma yake.

"Si kitu, wanangu," akasema. "Nitatandika gunia."

Yaani yeye ndiye aliyeona aibu! Yeye!

Nikasema humu halali mtu. Nikawatoa kamati wote nje, nikawafunulia lile shimo, funza na kila kitu, wakaziba pua kwa tai zao. Watarudi kazi ikiisha. Kaka hajanisemesha tangu hapo. Amepeleka habari kwa shangazi kwamba nimemvua nguo hadharani. Na akae uchi.

Jumatatu naita gari la majitaka. Ile niru nitaivunja mwenyewe kwa sururu, na fundi achimbe shimo kule mwisho wa uwanja, kaka atake asitake.

Kitenge cha bibi nimekifua, nimekirudia, nimekianika chini ya upenu. Kinanuka bado. Yeye nimemfunga changu, na mpaka chumba kiwe chumba atalala kwangu, mimi nitajibanza sebuleni kwenye kochi.

Nilipomwonyesha kitanda alikigusa kwa ncha za vidole, akauliza kama ni kweli. Halafu akaanza kuinama, apige magoti.

Nikamdaka mikono kabla hajafika chini.