Kibogoyo Abatizwe, Asibatizwe

Jumatatu, 4 Agosti

Nesi wa presha kaniambia niandike yanayonikaa rohoni. Eti yakihamia kwenye karatasi yataacha kunisumbua mshipani. Haya. Shule niliishia darasa la nne, na tulichofundishwa kuandika ni barua. Basi naanza kama barua.

Baba Watoto hajambo, mgongo tu, na uzee wa kanisa anaoubeba kama gunia la mtu mwingine. Kitinda Mimba wangu hajambo, yuko sekondari, na mdomo wake ndio haujambo zaidi. Mwanangu wa kwanza hajambo, kaja likizo na mkewe kutoka mjini anakouza vitabu. Mkwe wangu hajambo, mpole, anakula kama ndege. Na mjukuu wangu hajambo kabisa! Tunamwita Kibogoyo, anachekea hata ukuta. Mimi mwenyewe nimechoka. Si ugonjwa. Nimechoka tu.

Ubatizo wa Kibogoyo ni Jumapili. Gauni jeupe nimelifua kwa mkono, sikuthubutu kulitia kwenye mashine za kazini, zile hutafuna lesi.

Leo mezani mwanangu kasema mtoto habatizwi.

Kasema taratibu, kama anayeomba chumvi. Kwamba dukani, wateja wakiwa haba, amesoma sana. Kwamba kabla ya kanisa watu wa kale walikuwa na miungu yao iliyozaliwa bila mkono wa mwanamume, miungu iliyokufa ikafufuka, na sikukuu ya jua wakati uleule wa Krismasi. Hata kuosha dhambi kwa maji, walikuwa nako. Vyote vya kuazima, kasema.

Baba Watoto akaweka kijiko chini. Akamuuliza, "Na jina langu unalotembea nalo, nalo umeliazima?"

Mkwe akawa anamfuta Kibogoyo mdomo ambao haukuwa na kitu.

Kisha Baba Watoto katoa hukumu: Jumapili ikipita bila maji, mtoto huyu na babake wasikae tena kwenye meza hii. Namjua mume wangu. Hana maneno mengi, ila akisema amesema. Hajaongea na ndugu yake tangu ugomvi wa mpaka wa shamba.

Jumanne, 5 Agosti

Kazini, chumba cha kufulia hospitalini. Shuka za wodi ya wazazi, mkokoteni mzima. Damu huanza na maji baridi, ukiikosea ukaanza na ya moto imekaa milele. Mikono inajua yenyewe, kichwa kikabaki huru kuhangaika.

Nikamwambia mwenzangu. Tunamwita Mashine, maana akianza kusema huzimi mpaka umeme ukatike. Yeye si wa kanisa letu. Akasema sisi watu wa ajabu, tunagombania nani aliazima kwa nani. Kwao jirani akiazima sufuria hakuna kesi. Kesi ni asipoirudisha. Halafu akauliza kama mwanangu sasa anataka tuwarudishie watu wa kale Krismasi yao, na kama ni hivyo zile nguo mpya za sikukuu nazo zinarudi? Nilicheka mpaka msimamizi akachungulia.

Lakini nilipokuwa nakunja shuka nikajiuliza. Je, kama ni kweli? Mimi nilimzaa mwanangu baada ya wanawake wote waliozaa kabla yangu. Hakuna nilichobuni. Na uchungu ulikuwa wangu.

Ningemwambia hivyo. Halafu atanijibu kitu alichosoma, nami sitakuwa na kingine.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimetoka kazini nikapitia kwa mchungaji, na sare yangu na harufu ya jiki. Kanikaribisha vizuri. Nikamweleza.

Nilidhani atakasirika. Wala. Kasema baadhi ya anayosema mwanangu ni kweli, baadhi watu wameyavuta kama ubani wa kutafuna. Siku ya kuzaliwa Bwana haimo kwenye Biblia, kasema, ilichaguliwa baadaye, na wenye elimu hawajakubaliana kwa nini ile. Kuoga kwa ibada kulikuwapo zamani, hata Wayahudi walioga hivyo. Akasema Mungu akitaka kusema na watu hawezi kutumia lugha wasiyoijua, atatumia maneno waliyo nayo mdomoni. Kasema mengi. Nilikuwa nimeyashika yote mpaka getini, kufika barabarani nimebaki na nusu.

Nikamwomba basi aje nyumbani awashawishi. Akakataa. Kwamba mtoto haburutwi kwenye maji, wazazi wakikataa yeye atasubiri. Nilikwenda kutafuta wa kunisaidia kuvuta, nimeambiwa nilegeze kamba.

Jioni naanua nguo, mwanangu kaja kunishikia pini. Nikampa ile nusu niliyobaki nayo, ya Mungu na maneno yaliyoko mdomoni. Akaitafakari kweli. Hakunicheka.

"Mama, kuazima si kosa," akasema. "Nimesoma mafundisho miaka yote ile, nimesimama mbele ya watu nikakiri imani, na hakuna hata mmoja aliyeniambia. Nimekuja kuyakuta dukani peke yangu, kama mtu anayesikia habari za nyumbani kwake kutoka kwa wapita njia. Kilichoniuma ni kufichwa."

Nikampa ncha mbili za shuka tukakunja.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo zamu yangu ya kupumzika. Mwanangu na mkewe walikwenda kukata tiketi za kurudi mjini. Baba Watoto kanisani, Kitinda Mimba shule. Mimi na Kibogoyo.

Akaamka analia, mwili wa moto. Nikamvua, nikamlaza kwenye kanga mezani jikoni, nikampangusa. Bado moto. Analia kile kilio cha kujikunja. Simu ya mwanangu haipatikani. Na ndipo likanijia lile tulilofundishwa zamani, kwamba mtoto akiwa hatarini na mchungaji hayupo, Mkristo yeyote anaweza.

Kulikuwa na maji ya birika yaliyopoa, ya kuchemsha, ya kumpa anywe. Nikayamimina kikombeni. Nikamwinua kichwa. Nikamwaga mara tatu na maneno yake, na jina lake lote, si Kibogoyo. Akashtuka, akanyamaza, akanitazama. Akalamba tone lililoshuka puani.

Nikaketi chini sakafuni naye nikalia.

Baadaye kidogo nikamtia kidole mdomoni kumbembeleza, akaning'ata. Kitu kikali! Jino. Jino limetoka, ndiyo homa yenyewe. Mchana alikuwa amekwisha poa, anapiga kijiko kwenye sahani.

Niseme ukweli humu maana hamna anayesoma. Miaka mingapi nimefua shuka za wodi ya watoto? Homa ya kufa naijua, hata harufu yake naijua. Ile haikuwa homa ya kufa. Nilijua, mkono wangu ukiwa juu ya birika nilijua. Nilitafuta hatari nikaipata kwa sababu nilikuwa naihitaji.

Mkwe aliporudi kagusa nywele za Kibogoyo. "Mama, umemwogesha?"

Nikasema, "Nimempoza, mama, alikuwa na joto. Njoo uone jino."

Wote tukaenda kwenye jino.

Jumapili, 10 Agosti

Hakuna ubatizo. Baba Watoto kaenda kanisani peke yake, kaacha hata kuniita. Mimi nimebaki kupika.

Mchana amechukua sahani yake akala kibarazani, mgongo kwetu. Mwanangu naye akasema hana njaa. Nyumba moja, vyungu vimoja, tumekula kama abiria. Kitinda Mimba akauliza kama tugawane na zamu za choo. Nikamkanya, ila nusura nicheke.

La ajabu, moyo wangu umetulia. Nilimbeba Kibogoyo nikajikuta naimba. Huo utulivu ndio unaonitisha. Wote wana huzuni, mimi peke yangu nimeshiba.

Jumatatu, 11 Agosti

Wameondoka asubuhi. Baba Watoto alikuwa nyuma ya nyumba anatengeneza baiskeli ambayo haijaharibika. Mwanangu akamsogelea, akasema, shikamoo baba, tunakwenda. Akajibiwa marahaba. Basi, hata kichwa hakuinua.

Mkwe akanikumbatia sana. Nikaogopa atanisikia kifuani.

Shuka zimebaki na harufu ya mtoto. Sijazifua.

Jumatano, 13 Agosti

Mwanangu kapiga simu nikiwa kazini. Nikatoka kwenye chumba cha mvuke nisikie vizuri.

Kasema wamekaa yeye na mkewe wakazungumza. Kasema bado hajui anaamini nini, na hataki kujifanya. Ila amefikiri juu yangu. Kwamba katika watu wote waliomlea, mimi peke yangu sikuwahi kumficha kitu. Unga ukiisha nilisema umeisha. Babake alipofutwa kazi, wengine waliambiwa yuko likizo, yeye nilimkalisha nikamweleza, akiwa mdogo vile.

"Abatizwe," kasema. "Si kwa hukumu ya Baba. Imani yako nimeiona ikifanya kazi, hiyo sikuisoma. Jumapili tunakuja, na siku hiyo tumtie maji kwa mara ya kwanza wewe ukiwa umemshika."

Nikasema ahsante mwanangu. Nikasema Mungu akubariki. Kisha nikainamia ukuta. Mashine akadhani nimefiwa, akaja na kiti. Nilipomwambia ni habari njema akaniambia basi uso wangu haujapata taarifa.

Nyumbani nilikuta Baba Watoto ameshapigiwa. Anacheka! Kaniita kwa jina langu la usichana, jina ambalo sikujua kama bado analikumbuka. Ameshatoa viti vya stoo anavipangusa vumbi. Nilifungua mdomo nimwambie. Akasema, "Mama Watoto, nilikuwa nimempoteza mwanangu." Nikaufunga.

Alhamisi, 14 Agosti

Sikulala vizuri. Nimeomba ruhusa kazini nikaenda kwa mchungaji.

Nimemweleza kila kitu, birika, kikombe, maneno. Na la hatari ambayo haikuwapo. Akavua miwani.

Akasema maji yale ni ubatizo. Nilivyofanya si sawa, nimechukua kilichokuwa cha wazazi kuamua, ila ubatizo ni ubatizo na mtoto habatizwi mara mbili. Jumapili atampokea mbele ya watu, atamwombea, atamvisha gauni. Maji hatamimina. Na wazazi wajue kabla, tena kutoka kinywani mwangu.

Nimemwomba. Sioni haya kuandika, nimemwomba kweli. Nikasema, je, ukimimina kidogo tu, matone, ya kuonekana, nani atajua? Mwanangu apate siku yake, babake apate mwanawe.

Akaniuliza, "Mama, na mimi unataka nimfiche?"

Maji yakishamwagika hayazoleki, na haya yangu yamemwagika kichwani pa mtu. Nimerudi kwa miguu, pole pole. Njia nzima naongea peke yangu. Mwanangu alikasirikia kanisa kwa kuwa liliwaona watu wa kale na maji yao likanyamaza. Mimi nimenyamaza na nini? Na maji hayohayo. Na yeye ndiye aliyenisifia ukweli, juzi tu, mimi nimesimama na sare iliyolowa mvuke.

Akighairi asije, Baba Watoto hatamfungulia mlango tena. Nisiposema, nitamshika mtoto pale mbele, mchungaji hatamimina, na mwanangu atajua mbele ya watu wote. Kotekote ni moto.

Baba Watoto hayupo. Kavaa shati la kola anapita nyumba kwa nyumba kualika watu. Amemwendea hata ndugu yake wa ule ugomvi wa shamba! Kitinda Mimba kaniletea habari hiyo mbio, anasema walishikana mikono uwanjani kama wagombea.

Nimepiga simu mara mbili. Inaita haipokelewi, bila shaka ana wateja. Kitinda Mimba kataka aniandikie ujumbe, vidole vyake vyepesi. Nimemtuma dukani akanunue sabuni tusiyoihitaji. Hili naandika mwenyewe, herufi moja moja. Nanakili hapa kama lilivyokwenda:

Mwanangu, Ijumaa mlipokwenda kukata tiketi nilimbatiza mtoto jikoni, kwa maji ya birika. Alikuwa na homa lakini haikuwa ya kumwua na mimi nilijua. Mkeo aliponiuliza nilisema nimempoza. Baba yako hajui lolote, usimhesabie hili. Mchungaji anasema hawezi kurudia. Mlichoamua juzi mliamua bila kujua, kwa hiyo amueni tena. Sikuombi uje. Nakuomba unijibu upesi, hata kwa ukali, nijibu tu, baba yako yuko njiani anaalika watu na nyumba zimebaki chache.