Tangulia Wewe

Jumamosi, 12 Julai
Matone yamepasuka tena! Kwenye maji ya chumvi niliyokoroga mwenyewe maabara, mafuta yanaizunguka soda kali vizuri, gesi ya sumu inapenya utando huo wa mafuta, inanaswa ndani, basi. Kwenye maji machafu ya kiwanda — chumvi ile, joto hili la Asaluyeh — utando unapasuka na kutema kila kitu. Nimemwambia mkuu wetu, Mhandisi Farzanpur. Anasema wageni wa Tehran wanakuja Jumatano, nisilete uchuro.

Jumatatu, 14 Julai
Mhandisi kasimama karibu na tangi la maji machafu, kanusa, kacheka. Eti harufu ya mayai viza imekwisha, utando wangu umefaulu, hongera! Nikamweleza: gesi hii ikizidi huua pua kwanza, hunusi tena kitu. Kaniambia nimesoma mno. Sikio la kufa halisikii dawa — ila hapa sikio ni lake, kufa ni kwa wengine.

Jumanne, 15 Julai
Kesho alfajiri tangi lisafishwe, wageni wakute linameta. Atashuka nani? Kaka yangu Esfandiar, na Jasem mwenzake. Mitungi ya hewa? Imefungiwa stoo, imepakwa rangi kwa maonyesho! Nimegombana na Mhandisi hadi sauti imenikauka. Bure.
Esfandiar ananicheka: "Dada, wewe hata mjusi unamwogopa." Kala samaki wangu wa ukwaju, sahani mbili. Namchukia kwa kucheka kwake.

Jumatano, 16 Julai
Hospitali. Jasem yumo ndani, mashine inampumulia.
Mdomoni mwa tangi yeye na Esfandiar walifanyiana adabu, kama tunavyofanya kwenye kila mlango.
"Tangulia wewe, kaka."
"Mbele yako? Haiwezekani!"
"Wallahi huendi nyuma yangu."
"Mimi mtumishi wako tu."
Mwisho Jasem akakubali. Hakufika hata chini. Walimvuta kwa kamba.
Esfandiar kakaa sakafuni, hana hata mkwaruzo. Maji hanywi. Anarudia lile moja: nilimtanguliza mimi.

Mhandisi kaja sasa hivi na maua. Kufika mlango wa wodi, kasita. Kaweka mkono kifuani, kainama: "Tafadhali, Bi Golnar, tangulia."
Esfandiar kainua kichwa.
Sijainuka. Naandika. Bado kainama na maua yake — na mke wa Jasem yuko ngazini, namsikia akiuliza ni wodi ipi