Kituo Kisijengwe Makoko

Jumatano, Makoko

Bado yule diwani ananikera. Kikao kizima cha leo alikuwa na neno moja tu: kituo cha kuongozea setilaiti ya intaneti kijengwe hapa kwetu, Makoko. Ukumbi ukampigia makofi. Na mimi katibu wa kikao nikapiga, maana ombi la kukitaka kituo niliandika mwenyewe.

Akasimama Injinia Nyamisi, anayetuwakilisha kwenye kamati ya nchi za Afrika Mashariki zinazomiliki setilaiti hiyo kwa pamoja. Akasema kituo kiende nchi jirani, mradi kisizimwe bila nchi zote kukubali. Sisi tukiking'ang'ania, wenzetu watajitoa, na tutabaki na madishi ya intaneti ya kampuni za kigeni, kama lile la zahanati lililozimwa kutoka ng'ambo bila sisi hata kuambiwa.

"Kwa hiyo umekuja kwenu kutunyang'anya?" diwani akamuuliza.

"Mheshimiwa, nimezaliwa Makoko. Ningetaka sifa ningesema kijengwe Makoko, mnipigie makofi, halafu kisijengwe popote."



Sijui kama yuko sahihi. Naogopa majirani watachukua kituo na makubaliano wayasahau. Ila mimi huwaga nameza maneno yangu hata mbele ya watu watano.

Kwenye muhtasari nilikuwa nimeandika "injinia alitoa ufafanuzi". Nimefuta. Nimeandika alivyosema.

Kuna kimoja ambacho muhtasari hauna nafasi yake. Aliyeanza kumpigia diwani makofi alikuwa mama yake mzazi Nyamisi, mstari wa pili. Nyamisi alimwona. Ndipo akasimama.