Tairodi ya Lori la Baba

Kaka yangu Festo,

Mwaka wa tisa huu hupokei simu zangu, na sikulaumu. Barua hii naiandika wazi, kila anayetujua aisome, kwa sababu siku ile hospitalini nilikukosea mbele za watu. Haifai nije kukuomba radhi kwa kujificha.

Miezi michache iliyopita baba aliniambia nitafute fundi wa kulifufua lori. Limekaa uani hapa Boko tangu lilipovutwa kutoka Kimbiji baada ya ajali, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Nikamwambia ni heri tuwape wanunuzi wa chuma chakavu. Akasema, "Lori hili ndilo lililotutoa Songea, mie na mama yenu na magodoro yetu. Nataka nilisikie likiwaka."

Nilipoingia ndani kulifagia nilikukumbuka sana. Tulipokuwa tunakwenda Kimbiji kufuata nazi ulikuwaga unaniachia mie dirishani, wewe unakaa katikati, na kila baba akibadilisha gia goti lako linapigwa. Hukuwahi kulalamika. Kwenye mashimo ulitanguliza mkono wako mbele yangu nisigonge kichwa. Na siku tulipompeleka mama kuzikwa, tulipanda nyuma kwenye bodi pamoja na jeneza, ukanishika mkono kutoka nyumbani mpaka makaburini.

Fundi alikagua siku nzima. Akasema injini inafufuka, kazi iko kwenye tairodi, kile chuma kinachofanya magurudumu ya mbele yaifuate stelingi. Ilikuwa imekatika, na ya lori la zamani namna hii haipo madukani. Akanifungulia ile mbovu iwe sampuli. Nikaifunga kwenye kanga nikaanza kuzunguka nayo. Duka la kwanza walinicheka: "Sista, gari hilo bado lipo duniani?" La pili hawakuitazama hata kuitazama. Mwisho nikaelekezwa Temeke, kwa Mzee Salum, anayeuza vipuri vya magari yaliyokatwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umenibebea nini?"

Akaichukua, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akapitisha kidole pale ilipokatikia.

"Gari hili lilipata ajali?"

"Ndiyo."

"Dereva alipona?"

"Alipona."

"Basi Mungu alimpenda. Hii ilishakatika kabla, ikachomelewa. Ona alama ya welding hapa. Tairodi haichomelewi, mwanangu. Ikiachia, hata ungekuwa na mikono minne, gari linakwenda linakotaka lenyewe."

Nikakaa juu ya tairi pale pale dukani. Nilikusikia tena ukisema siku ile hospitalini, shati limelowa damu ya baba, "Sikukimbiza. Stelingi ilinikataa." Na baba pale kitandani, mguu umepondeka, akasema ulikuwa unakimbiza. Mashangazi wakaguna. Nami niliyekujua kuliko wote nikasema, "Kubali tu, kaka, yaishe." Ulinitazama, ukatoka, na wiki ile ile ukahama mji.

Mzee Salum aliahidi kunitafutia nzima. Mie nilirudi Boko na ile mbovu, nikaiweka mezani mbele ya baba. Aliacha kula.

"Niliitafuta nyingine mwezi mzima, sikupata," akasema. "Nikaichomelea Jumamosi. Jumatatu mgongo ukaniuma, nikampa Festo aendeshe."

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Pale hospitalini niliona aibu. Nikasema nikitoka nitamwambia. Nilipotoka, alishaondoka."

Kisha akalia. Hata kwenye msiba wa mama sikumwona akilia. Nilikuwa nimekuja na maneno makali, nikaishia kumpa maji. Lakini usidhani nimemhurumia yeye peke yake. Nilikufikiria wewe, miaka yote hii unaishi na mguu wa baba yako kifuani, pengine usiku mwingine ukijiuliza kama kweli hukukimbiza. Hukukimbiza, kaka. Kosa la baba utalipima mwenyewe, siwezi kukuombea msamaha huo. Langu nakuomba unisamehe.

Wiki tatu baadaye Mzee Salum alinipigia. Ameipata, imetoka kwenye lori kama letu lililokufa nyuma ya gereji moja Mbagala. Jumamosi iliyopita lori likawaka. Majirani walitoka na watoto wao kuja kulitazama. Baba alilisikiliza dakika moja hivi, akamwambia fundi alizime. Tulipobaki wawili akasema, "Niandalie begi."

Nikamwambia nitakuomba uje wewe, safari ni ndefu kwa mguu ule. Akakataa. "Aliyekosa ndiye anayefuata."

Wifi amenielekeza mnapokaa huko Tunduma. Ijumaa alfajiri nampandisha basi. Anatembea kwa fimbo, ngazi zinamsumbua, na akiwa na njaa hatakwambia. Huna haja ya kujiandaa na maneno. Mpokee begi, mpe kiti, umwache aseme.

Mdogo wako,
Tumaini