Kwa Baba, Uliyesoma Waraka Peke Yako

Mwaka umekatika, Baba, tangu tukutambue mochwari kwa shati ulilojishonea mwenyewe. Fundi wa nguo za watu, zako viraka vitupu! Ulipima mtu kwa macho tu. Mjomba akiingia kibandani, unamuuliza, “Shemeji, kiuno hiki kimehamia wapi?”

Kanisani ulikuwa msomaji wa matangazo. Jumapili ile katibu aliuchomeka waraka wa maaskofu, ule wa kuuliza waliochukuliwa wako wapi, kati ya mazoezi ya kwaya na mwavuli uliopotea. Asubuhi hiyohiyo makanisa yote yakapata ujumbe wa simu: usisomwe. Mengine yote yakanyamaza. Simu yako ulishaizima getini, maana “siwezi kuongea na wawili kwa mpigo.”

Ukausoma wote. Mchungaji akakuvuta koti. Ukadhani umesoma mbiombio, ukarudia aya ya mwisho.

Nyumbani ukawasha simu, ukacheka kidogo. Mama hakucheka. “Baba watoto, nenda kawaambie hukujua.”

“Sikujua kwamba usisomwe, mke wangu. Yaliyoandikwa nilikuwa nayajua.”

Jumanne wakaja wawili kupimwa suti. Hawakuuliza bei. Mmoja alimtazama dada kwenye cherehani: “Huyu ndiye binti yako?” Ijumaa hukurudi.

Sasa umekuja waraka mwingine, na wewe umo kwenye orodha ya waliochukuliwa. Wazee wa kanisa wote wamekaukiwa sauti, Baba. Ugonjwa wa ajabu huo, unashika wanaojua kusoma tu. Mama akamwambia katibu, “Lete hapa.” Anafanya mazoezi jikoni, akifika kwenye jina lako anaanza upya. Tumemsihi aache. Anatuuliza tumeshiba?

Wadogo tumewapeleka kwa shangazi. Jana mtu asiyejitaja alimpigia shangazi simu, akamtajia hata shule yao mpya.

Ibada ya kukukumbuka ni Jumapili, saa tatu asubuhi. Atasoma Mama. Akizuiwa, atasoma dada. Dada naye akizuiwa, nitasoma mimi, na sauti yangu unaijua, watu watatubu wenyewe.

Unakumbukwa na mkeo, binti yako, wadogo wawili, dada yako, shemeji yako, mafundi wenzako, na mwanao uliyemwita Redio. Moyoni hututoki, Baba, leo wala kesho.