Tulisema Koku Anajisikia

Jumatatu, saa kumi na moja jioni. Mvua imekatika muda si mrefu na mtaa wetu hapa Igoma ni matope mpaka mlangoni. Nimerudi kazini mapema, nimefunga mlango, nimekaa. Siumwi. Nina aibu.

Nimeona niandike leo, nisisubiri aibu ipungue. Ikipungua nitaanza kujitetea, najijua.

Ofisini tuko wanne tu. Tunatengeneza tovuti: za shule, za nyumba za wageni, za wafanyabiashara wanaotaka waonekane mtandaoni. Tumepanga vyumba viwili ghorofani pale Nyamagana, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, kwa hiyo siku nzima tunafanya kazi huku injini zinajaribiwa chini ya miguu yetu. Bosi Magesa ndiye mwenye kampuni. Baraka anashughulika na wateja, na ndiye mchekeshaji wetu. Mimi naandika programu na kusimamia kazi za wenzangu.

Wa nne ni Koku. Alikuja miezi mitatu iliyopita kutoka Bukoba, kwa majaribio. Kazi yake ni muonekano: rangi, mpangilio, picha, jinsi ukurasa unavyokaa kwenye simu. Kazi anaiweza, hilo sikuwahi kulikataa. Lakini wiki ya kwanza haijaisha tulikuwa tumeshamhukumu. Tulisema anajisikia.

Unamsalimia akiwa ameinamia kompyuta, kimya. Unampigia simu, hapokei, halafu baada ya dakika mbili unapata meseji: "Niandikie." Niandikie! Kama mkurugenzi. Baraka akitoa kichekesho chake cha asubuhi sisi tunashika mbavu, yeye anatabasamu kwa kuchelewa, kama anatuhurumia. Na ukiongea naye anakukazia macho mdomoni mpaka unajiuliza kama una mchicha kwenye meno.

"Mhaya huyo," Baraka alisema siku moja Koku alipotoka. "Mlitegemea asiringe?"

Nilicheka. Naandika hapa kwamba nilicheka.

Kisha likaja suala la mamba. Tuna mteja mwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa, na msimu ukifika ananunua pamba kwa wakulima. Alitaka biashara zote mbili zionekane. Jioni moja, nikiwa natoka na begi begani, nilimwambia Koku, "Ukurasa wa kwanza weka picha kubwa ya pamba." Akaitikia kwa kichwa. Kesho yake mteja akaja, tukamfungulia ukurasa, akakutana na mamba. Mdomo wazi, meno yote nje, na chini yake maneno: "Karibu Upumzike Nasi."

Mteja alinyanyuka kwenye kiti. Alituuliza kama tumetumwa na washindani wake.

Baraka ilibidi atoke nje akachekee kwenye ngazi. Mimi sikucheka. Niliona ni jeuri. Niliamini kabisa kwamba Koku alifanya makusudi kwa sababu hapendi kuelekezwa, hasa na mimi.

Alhamisi Bosi akaniomba maoni yangu ya maandishi, maana miezi ya majaribio ilikuwa inaisha. Nilijaza ukurasa mmoja, na haukunichukua muda. Sentensi ya mwisho naikumbuka neno kwa neno: "Hana ushirikiano, hapokei maelekezo, na sioni kama atabadilika." Bosi alisoma, akashusha pumzi, akasema atamwambia Jumatatu. Jumamosi tulikuwa na matembezi ya ofisi, yamepangwa siku nyingi.

"Tumwache aje," alisema. "Iwe kama kumuaga."

Kumuaga mtu ambaye hajui kwamba anaagwa. Nilikubali, na usiku huo nililala vizuri.

Jumamosi jua lilikuwa zuri na upepo kidogo. Tulivuka ziwa kwa kivuko kwenda Kamanga tukiwa na sufuria, mkaa, unga na sato wanne ambao Baraka aliapa kwamba atawachoma mwenyewe. Injini ya kivuko ilikuwa inanguruma kiasi kwamba mimi na Bosi tuliongea kwa ishara. Baraka alikuwa kule mbele, ng'ambo ya magari, anapayuka na kutupungia mikono. Hakuna aliyemwelewa.

"Anauliza nani amebeba chumvi," Koku alisema.

Bosi akapekua kapu. Chumvi haikuwemo. "Masikio gani hayo uliyonayo?" alimwambia. Koku akatabasamu, kwa kuchelewa kama kawaida yake.

Mimi nikajiambia moyoni: kumbe akitaka anasikia.

Tulipofika ng'ambo Bosi na Baraka walitangulia na mizigo kutafuta mahali pa kukaa. Watu walikuwa wengi gatini. Koku alisimama pembezoni mwa njia ya magari, ameipa barabara mgongo, anapiga picha mawe makubwa yaliyochomoza majini. Lori lililosheheni magunia likaanza kurudi nyuma, linashuka kuelekea kwenye kivuko. Dereva alipiga honi. Akapiga tena, ndefu. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi akapaza sauti, "We dada! We dada!" Wengine wakadakia. Koku hakugeuka. Alikuwa anageuzageuza simu yake taratibu, anatafuta pembe nzuri, kama yuko sebuleni kwao.

Nakiri kwamba kilichonijia kwanza hakikuwa hofu. Niliwaza: hata lori analidharau.

Halafu nikakimbia.

Nilimdaka mkono nikamvuta kwa nguvu zangu zote, tukaanguka wote wawili kwenye tope. Simu yake ikaruka kando. Tairi la nyuma likapita palepale alipokuwa amesimama, likaacha alama nene, na lori likaendelea kushuka. Nadhani dereva hakutuona tukianguka.

Koku alinyanyuka kwa hasira. "Unanivutia nini?" Kisha akaliona lori, akaziona alama za tairi.

Mimi nikapayuka. "Watu wote hawa wanakuita! Honi imepigwa mara mbili! Una kiburi gani wewe?"

Alikuwa ananitazama mdomoni. "Sema polepole," alisema.

"Nimesema una kiburi gani!"

"Sisikii, dada Pendo." Akagusa sikio lake. "Si kwamba sitaki. Sisikii."

Yule mama wa ndizi alituletea maji kwenye kopo tunawe. Alimwambia Koku pole mara tatu, na Koku hakumjibu, kwa sababu mama alikuwa amesimama nyuma yake. Kama nisingekuwa nimeambiwa dakika ile, ningesema tena anajisikia.

Tulikaa juu ya jiwe tukijisafisha, akanieleza. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la tano. Sikio la kulia lilikufa kabisa, la kushoto lilibaki na kidogo. Alifunua nywele zake za kusuka akanionyesha mahali anapovaa kifaa cha kumsaidia. Kwenye kivuko alikuwa amekivua, maana kelele za injini zikipita humo zinamgonga kichwani kama nyundo, na aliposhuka akasahau kukirudisha. Hata ofisini, akiwa amekivaa, pikipiki za chini zinameza nusu ya tunayosema. Nusu iliyobaki anaisoma midomoni.

"Baraka ni rahisi," alisema. "Anafungua mdomo wote, hata akiwa mbali namsoma. Wewe unaongea huku unaondoka. Bosi ndiye mgumu kabisa. Masharubu yanafunika kila kitu."

Nikamuuliza kuhusu mamba.

"Si ulisema mamba?"

"Nilisema pamba."

Akafikiri kidogo, kisha akatamka maneno yote mawili bila sauti, moja baada ya jingine. Nikamwambia arudie. Akarudia. Midomo inafunga, inafunguka, inafunga tena, na huwezi kujua lipi ni lipi. Nilijaribu mwenyewe nikiangalia kioo cha simu yangu. Ni kitu kimoja!

Tulicheka. Nilimwona anacheka pamoja nami, kwa wakati mmoja na mimi, kwa mara ya kwanza tangu aje.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema mahali pa kwanza alipoomba kazi aliwaambia kwenye usaili. Wakamjibu watampigia simu. Mahali pa pili hakusema. Alikaa miezi minne, wakamwondoa.

"Walisema sina ushirikiano," alisema.

Neno hilohilo.

Ningeweza kukaa kimya. Ningemwendea Bosi kimyakimya, tukaichana karatasi yangu, na Koku asingejua maisha yake yote. Nililifikiria hilo, siwezi kusema sikulifikiria. Lakini alikuwa amekaa mbele yangu na tope kwenye nyusi. Nikamwambia. Nilimgeukia, nikaongea polepole, nikimwangalia, asikose hata neno moja: nilichoandika, lini nilikiandika, na Bosi alipanga kumwambia nini leo Jumatatu.

Hakulia. Alichukua simu yake akaanza kuifuta, akaifuta muda mrefu hata baada ya kuwa safi.

"Nilijua kuna kitu," alisema mwishowe. "Tangu asubuhi Bosi ameniuliza mara tatu kama nimefurahi."

Nikamwambia nataka kumweleza Bosi ukweli, ila habari ni yake, si yangu. Alitazama maji mpaka tukamwona Baraka anatupungia mikono kutoka ufukweni. Koku akamsoma. "Anasema samaki wanaungua." Akasimama. "Nitamwambia mwenyewe. Wewe kaa karibu yangu. Nisichokisikia, uniambie tena."

Tulikula kwanza. Samaki walikuwa wameungua kweli, na hawakuwa na chumvi. Kisha Koku akaweka sahani chini akawaambia, kwa sentensi nne au tano, bila kujihurumia. Baraka alibaki na tonge mkononi. Kisha alinyanyuka akaenda kugeuza samaki kwenye moto, na kwenye moto hapakuwa na samaki.

Bosi aliuliza, "Mbona hukuniambia siku ya usaili?" Nikalirudia swali kwa Koku.

"Ungeniajiri?" Koku akamuuliza.

Bosi alipapasa masharubu yake. Alitazama ziwa. "Sijui," alisema.

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Angeweza kusema ndiyo, na sote tungejua anadanganya.

Halafu akamuuliza anahitaji nini. Koku akasema maelekezo yaandikwe, hata kwa mistari miwili. Meza yake igeuzwe awaone wanaoingia, na mtu anayetaka kuongea naye agonge meza kwanza. Akamtazama Bosi usoni. "Na samahani, Bosi. Masharubu."

Baraka ndiye aliyeanza kucheka, kule kwenye moto. Kisha Bosi. Baadaye, tukiwa tunarudi na kivuko, nilimwona Baraka amekaa mkabala na Koku, anaongea kwa mdomo wake ule mpana, na uso wake hauna utani hata kidogo. Sikujua anasema nini. Koku alijua.

Leo asubuhi Bosi ameingia ofisini amenyoa. Uso mtupu. Anaonekana kijana, na anaonekana kama mtu aliyeibiwa kitu. Aligonga meza ya Koku, akasubiri ainue uso, akamkabidhi barua ya kuajiriwa. Kisha akaja kwangu akanirudishia ule ukurasa wangu, umekunjwa mara mbili. Ninao hapa.

Majina ya humu yote nimebadilisha, hata langu. Nimemtumia Koku habari hii kwenye simu, ameisoma kabla sijaiweka mtandaoni. Sehemu moja niliandika "maskini Koku," akalifuta hilo neno la kwanza. Kwingine kote ameacha, pamoja na palipo pabaya kwangu.

Leo mchana wote wamekuwa wepesi na wenye furaha. Baraka anaandika vichekesho vyake kwenye karatasi na kumpelekea. Mteja wa pamba amesimuliwa, ameomba radhi, ameomba hata aonyeshwe tena yule mamba. Kila mtu ana amani kwa sababu sasa kuna sababu. Kumbe alikuwa hasikii! Basi, imeeleweka, imekwisha.

Mimi ndiyo bado haijanikwisha. Nimekuwa nikijiuliza swali moja tangu Jumamosi, na leo limekuwa zito zaidi. Je, kama lori lile lisingekuwepo? Au tuseme Koku angekuwa na masikio yake yote mawili mazima, ila ni mtu mkimya tu. Mtu asiyependa simu, anayechelewa kucheka, aliyekosea picha moja kwa sababu nilimwambia nikiwa mlangoni. Watu wa namna hiyo wapo, na wana haki ya kula jasho lao kama mimi.

Mkimya yule nisingemuuliza lolote. Ukurasa wangu ungesimama. Leo mchana angekuwa anakusanya vitu vyake, na mimi ningemsaidia kubeba boksi mpaka chini, nikamtakia heri, nikapanda ngazi nikijiona mtu mwema.